Boriti Kutoka Wasini

Malaba, 20 Machi 1975

Kwako ndugu yangu Japheth,

Nakusalimu toka huku kwenye foleni. Sisi tunaamka kila siku, na kwa hali ya sasa hiyo si habari ndogo. Shemeji yako Echodu mgongo umemrudia, analalia ubavu mmoja tu. Anyango mkeo nilimwona Jumapili nilipokwenda nyumbani Nangina. Hajambo, ila paa la kibanda chenu limetoboka upande wa kitanda, na yeye amehamisha kitanda. Nilimuuliza ana ujumbe gani kwako, akasema hana. Mimi sikumbana.

Mama anakohoa. Masista wa misheni walimpa dawa nyekundu, akaimwaga nyuma ya jiko, kisha akatangaza kwamba imemponya.

Hapa malori yamepangana toka getini mpaka karibu na reli. Madereva wanakula kwangu siku tatu, siku nne, mpaka najua nani hapendi vitunguu. Akina mama wa ng'ambo, Uganda, wanavuka kutafuta sabuni na chumvi, wananiita mama kwa Kiganda, "Nyabo, niongezee kidogo," kutwa nzima. Miguu yangu imevimba kama maandazi.

Sasa jambo lenyewe. Baba mdogo Okedi aliita kikao. Unajua baba aliondoka mwaka wa hamsini na moja kwenda kukata miwa Ramisi, na barua yake ya mwisho ilikuja hamsini na nane. Wazee wamesema wamechoka kungoja. Ikifika mavuno ya mtama, mwezi wa nane, na hakuna habari yake, watazika mgomba kwa jina lake, kama tunavyomfanyia mtu aliyepotelea mbali. Mama atanyolewa, awe mjane anayejulikana. Halafu Okedi ndiye atakayekushikia nguzo ya kwanza ya boma lako badala ya baba. Na wewe unamjua Okedi. Akishika nguzo, na shamba la bondeni atalishika.

Kwa hiyo, maadamu ofisi uliyofanyia kazi Busia ilifungwa na wewe umeenda Mombasa kuhesabu magunia ya watu bandarini, mtafute baba. Nenda huko Ramisi. Uliza. Kama ni kaburi, tuonyeshe kaburi.

Barua hii nampa Mutua, yule dereva Mkamba wa lori la kijani. Nawe ukijibu umpe yeye. Posta wanakaa na barua mpaka inaota mizizi, lakini hakuna lori linalopita Malaba bila kusimama, na likisimama linasimama mlangoni pangu.

Ni mimi dada yako Truphena, nikiandika miguu ikiwa kwenye beseni.


Mombasa, 11 Aprili 1975

Kwa dada yangu mkubwa Truphena,

Nimepata barua yako mikononi mwa Mutua, ina harufu ya dizeli lakini imefika. Mpe shemeji pole ya mgongo. Anyango mwambie nitamwandikia. Nasema hivyo kila mara, najua.

Hapa joto halina adabu. Unaoga, unajifuta, unaanza kutoka jasho palepale ulipojifuta. Nimepanga chumba Changamwe na watu watatu, wote wa kwetu upande wa magharibi, na wote wanakoroma. Kazini nahesabu magunia ya kahawa ya Uganda yanayoingia melini. Nikiona muhuri wa Malaba kwenye karatasi naishikilia kidogo kabla ya kuipitisha, kwa sababu najua karatasi ile ilipita karibu na sufuria yako.

Jumapili mbili nimevuka feri ya Likoni kwenda kuuliza. Mvua ndefu zimeanza, barabara ya kusini ni tope. Dada, watu wa pwani ni wapole sana. Unamuuliza mtu habari ya baba, Wandera kutoka Samia, anakukaribisha uketi, anakupa maji, anakuuliza habari za kwenu zote, na baada ya nusu saa anakuambia hamjui. Unaondoka umechoka na hujamkasirikia.

Sina cha kukuambia bado. Sura yake naikumbuka kidogo tu. Nakumbuka zaidi koti.

Ndugu yako anayeloa, Japheth Wabwire.


Malaba, 3 Mei 1975

Japheth,

Salamu ni zile zile, chukua za mwezi wa tatu.

Mto Nzoia umefurika, shangazi zetu wa Rukala wamehamia kwa mama na kuku wao na magodoro yao. Watu kumi na mmoja katika nyumba ile iliyoinama! Unaikumbuka inavyoinama upande wa kisima, toka siku baba alipoijenga. Mama anasema kila mwaka itaanguka, na kila mwaka inamkatalia.

Wiki jana alilazwa hospitali ya Nangina siku nne. Kifua. Sasa yuko nyumbani.

Koti unalolikumbuka, Okedi ndiye anayelivaa.

Usiniandikie habari za joto. Andika umefika wapi.

Truphena.


Ukunda, 28 Mei 1975

Dada Truphena,

Nimefurahi mama ametoka hospitali. Uliandika siku nne kana kwamba ni siku moja. Kama kuna zaidi, niambie.

Kazi ya magunia nimeiacha. Nimeshuka kusini kabisa, mji kwa mji, kwa miguu na kwa gari la mkaa likinihurumia. Tiwi, Diani, Ukunda. Huku kuna fukwe mchanga wake mweupe kama unga wa muhogo, na mahoteli yamepangwa mbele yake. Wazungu wanalala juani toka asubuhi, wanajigeuza, wanalala tena, kama mihogo tunayoanika. Hakuna anayewalazimisha! Mtu ametoka kwao na ndege aje kufanya kazi ile.

Lakini sikiliza: walinzi wa mahoteli haya wengi ni watu wetu. Yuko mmoja wa Funyula, mwingine wa Kocholia, anaitwa Omagor, Mteso mrefu mwenye rungu. Kwa hiyo natembea ufukweni, nikimwona mlinzi ananitazama vibaya namwamkia kwa lugha ya kwetu, na uso wake unafunguka. Omagor alinilaza siku tano. Ameishi hapa miaka tisa na hajawahi kuingia baharini hata kifundo. Alisema ile chumvi yote ina sababu yake.

Ramisi nilifika. Miwa hadi macho yanachoka. Mzee mmoja mpishi anamkumbuka baba. Anasema alijikata mguu mwenyewe kwa panga, mwaka wa hamsini na tisa, akalazwa miezi mingi, na alipotoka hakurudi shambani. Wengine walisema amekwenda Gazi kukata boriti za mikoko, wengine Shimoni, kule barabara inakoishia.

Basi mwaka wa hamsini na tisa alikuwa hai, dada. Tayari hilo ni jipya. Nimelala na hilo siku mbili, na sijui kwa nini halijanifurahisha.

Nakwenda Shimoni.

Japheth.


Shimoni, 2 Julai 1975

Dada Truphena,

Natumai mavuno yanaonyesha dalili, na shangazi wa Rukala wamerudi kwao na kuku wao.

Shimoni ni kijiji kidogo, kina mapango na gati la mashua. Mbele yake kuna kisiwa, Wasini, unavuka kwa mashua ya injini, muda wa kunywa chai ya moto. Huko hakuna gari wala baiskeli. Njia ni nyembamba, nyumba ni za mawe ya matumbawe. Nyuma ya kijiji kuna uwanja wa matumbawe makubwa kama ng'ombe waliosimama, maji yakipwa unatembea kati yao kwa miguu. Nimetembea huko mara nyingi. Kisiwa hakina maji matamu, hata kisima kimoja. Wanategemea mvua, wanaikinga kwenye birika kubwa, na kabla ya mvua kunyesha lazima mtu afagie mifereji yote.

Nimekaa kwa mzee mmoja anayetunza birika. Ananipa chai na samaki. Hazungumzi sana, na mimi pia nimekuwa hivyo.

Bado natafuta.

Japheth.


Malaba, 15 Julai 1975

Japheth ndugu yangu,

Echodu ameanza kukaa, tunamshukuru Mungu. Anyango ameezeka paa mwenyewe, akapanda juu na ujauzito wake. Naam, umesoma vizuri. Alisema hutauliza, na hukuuliza.

Barua yako ya kisiwa nimeisoma mara tatu. Watu wanaotafuta hawaandiki hivyo. Hujasema umemuuliza nani, umeambiwa nini. Umesema chai. Umesema mawe. Sijui unapumzika au unanificha kitu, na leo sina nguvu ya kukisia.

Wazee wametoa tarehe. Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Dume la ng'ombe limeshachaguliwa. Ikiwa una neno lolote, hata nusu, lifike kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo mimi sitamzuia tena Okedi. Nimemzuia tangu mwaka jana na nimechoka.

Truphena.


Mombasa, 24 Julai 1975

Dada,

Keti kwanza. Weka mwiko chini.

Baba yuko hai. Yuko Wasini. Ni yule mzee wa birika.

Nimepanda leo mpaka Changamwe nimpe Mutua barua hii mkononi. Anaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo Jumapili au Jumatatu iko mezani kwako, siku kumi na mbili kabla ya tarehe ya wazee. Nilifikiria kutuma simu ya maandishi, lakini ingepitia kwa makarani wa posta, wajue kabla yako. Tena habari hii haiingii katika maneno kumi.

Kule kisiwani wanamwita Mzee Bara, kwa sababu alitoka bara. Jina la Wandera halijui mtu, ndiyo maana nilipouliza hakuna aliyejibu. Siku ya kwanza nilikaa gatini tu, nikamsikia mzee anayechechemea akihesabu ndoo za maji, na alikuwa anahesabu kwa Kisamia. Nilimwita kwa jina lake. Akaweka ndoo chini polepole, isimwagike. Akasema, "Wewe ni wa Nasimiyu." Hakuuliza kama mimi ni mtoto wa mama. Alisema.

Nilimuuliza kwa nini. Akanipa ufagio. Halafu tukifagia mifereji akasema, "Mwaka wa kwanza nilikosa nauli. Mwaka wa pili nilikosa zawadi. Mwaka wa tatu nikakosa uso." Akaendelea kufagia.

Kuna mama mmoja kule, Bi Mwanakombo. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mwambie Okedi aache mgomba ulipo. Mama mwambie wewe, kwa njia yako. Baba anataka kuja, dada. Alisema anataka kuniwekea nguzo yeye mwenyewe.

Na Anyango, mwambie nimeuliza.

Japheth.


Malaba, 11 Agosti 1975

Ndugu yangu Japheth,

Pole kwa msiba.

Tulingoja neno lako mpaka Ijumaa jioni. Nilisimama barabarani nikitazama kila lori la kijani mpaka turnboi, wale wasaidizi wa madereva, wakaanza kunitania. Basi.

Jumamosi tulimzika baba. Okedi alikata mgomba mzuri, wakaukunja katika blanketi, wakachimba upande wa kulia wa nyumba ile iliyoinama. Watu walikuja wengi, wa Rukala, wa Busia, hata Wateso wa upande wa Echodu wakaja na ngoma. Mchungaji aliomba kwa kifupi, nafikiri aliona haya kuuombea mgomba. Mimi nililia sana. Sikutegemea, nilidhani nimekwisha kulia zamani.

Mama alinyolewa leo. Kichwa chake kidogo, Japheth, hujapata kukiona. Alikaa vizuri siku zote mbili. Usiku wa jana alilala bila kukohoa.

Okedi amesema ukirudi atakushikia nguzo. Amevaa koti.

Naituma kwa posta, maana Mutua sijui amepotelea wapi. Rudi nyumbani sasa. Umefanya ulichoweza.

Dada yako.


Malaba, 17 Agosti 1975

Japheth!

Mutua amefika jana. Anatoka Kampala, si Mombasa.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Jumapili ile, tarehe ishirini na saba, foleni haikuwapo. Miaka yote hii niko hapa nimeona foleni, siku ile moja hakuna lori hata moja mbele yake! Geti liko wazi, afande anampungia mkono, "Pita, pita, kabla hawajabadili nia." Mimi nilikuwa kanisani. Akapita. Akasema moyoni atanipa akirudi, baada ya siku mbili. Kampala wakamzuia na mzigo wake wiki mbili na nusu. Barua yako ilikuwa juu ya kioo cha lori, imekunjwa, inapigwa jua la Uganda, na sisi tunachimba.

Sikumtukana. Alikuwa analia, mtu mzima yule, alipoona kitambaa cheusi kichwani kwangu.

Wewe ndiye ninayetaka kukutukana. Simu ya maandishi, Japheth! Ungeandika "Baba hai." Maneno mawili! Makarani wangejua, na wajue! Tungekuwa na aibu na tungekuwa na baba.

Tena kitu kingine. Mutua amesema mwezi wa sita alikupeleka mwenyewe mpaka njia panda ya Shimoni, na ilikuwa kabla ya tarehe ishirini. Barua yako ya mbili Julai inasema "bado natafuta." Sasa nieleze.

Kuhusu huyo Bi Mwanakombo, ulisema hutaandika zaidi, kwa hiyo nimeelewa zaidi.

Mama hajui. Sijui nitamwambia nini. Kichwa chake hakijaota hata unywele.

T.


Wasini, 30 Agosti 1975

Dada Truphena,

Sina salamu inayofaa, pokea hii ndogo.

Nilimpata tarehe kumi na tisa Juni. Nilikaa naye zaidi ya mwezi kabla sijakuandikia ukweli. Hakunizuia. Ni mimi. Nilikuwa na miaka mitano alipoondoka, na hapa kila asubuhi kulikuwa na mtu mzima anayeniambia lete ufagio, shika ngazi, hivyo sivyo, hivi. Nikasema kesho nitaandika. Nilijua nikiandika atakuwa wenu wote, kutakuwa na vikao na Okedi na maneno. Nilitaka awe wangu kidogo. Ndiyo hiyo sababu, hakuna nyingine, na sikuombi uipende.

Tukiwa juu ya paa la birika nilimwambia habari ya mgomba. Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo Okedi amepata koti," akasema. Halafu akashuka, na siku mbili akafagia mifereji iliyokwisha kufagiwa, hata Bi Mwanakombo alinijia kuuliza nimemletea nini mzee wake.

Siku ya tatu akaniuliza, "Nasimiyu walimnyoa?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Alilia?"

Nimesoma barua yako tena na tena. Umeandika wewe ulilia. Umeandika mama alikaa vizuri. Dada, anauliza kila siku sasa, hata akiwa na mdomo umejaa ugali. Nimjibu nini?

Japheth.


Malaba, 14 Septemba 1975

Kwako Japheth,

Anyango amejifungua salama hospitali ya Nangina, mtoto wa kiume, ana mapafu ya dereva. Jina wanakungoja wewe.

Foleni imerudi, imepita hata reli. Mutua kila akija anaosha vyombo vyangu bila kuombwa, nami namwacha.

Ni yeye aliyemwambia mama. Nilimleta mama hapa apumzike na kelele za wale shangazi, naye Mutua akampigia magoti katikati ya hoteli, watu wanakula, akamwambia, "Mama, nilikuwa na mume wako mfukoni nikapita naye." Nilitaka ardhi inimeze na masufuria yangu.

Mama alimaliza chai yake. Akauliza kama chumvi kule kwenye kisiwa inapatikana. Mutua akasema, mama, kule ni chumvi tupu. Mama akasema vizuri, maana baba yenu alipenda chumvi.

Usiku alinena na mimi. Maneno yake ni haya, nayaandika kama yalivyo: "Mwambie asije. Nimekuwa mke asiye na mume miaka ishirini na nne, nimekuwa mjane mwezi mmoja. Mwezi huu nimelala usingizi. Kumpokea mtu aliyezikwa ni kuchinja kondoo, kuvunja ua nyuma, kumwingiza kama mwizi, kupika siku tatu. Sina miguu ya kazi hiyo. Na yule mama wa huko simjui, lakini naye atabaki akitazama barabara. Mimi najua barabara inavyotazamwa."

Okedi ameshasema baba akija hapitii mlangoni. Mama alimjibu kwa kumuuliza mlango ule aliujenga nani.

Kuhusu ule mwezi wako mmoja, nimekasirika na nitaendelea. Lakini nami ningefanya hivyo hivyo. Sasa usiniandikie tena juu yake.

Lile swali la baba liache kwanza.

Truphena.


Shimoni, 5 Oktoba 1975

Dada yangu,

Mwandamo wa mwezi unangojwa kesho, ni Idi. Baba amefunga mwezi wote, kwa hiyo mengine hayo umeshayajua. Mtoto aitwe Wandera. Nilimwambia baba, akasema kuna Wandera mmoja tayari kaburini, huyu wa tatu awe na bahati.

Nilimsomea maneno ya mama, yote. Aliniambia nirudie pale pa barabara. Halafu akasema, "Ana haki," akachukua shoka.

Tulikwenda upande wa mikoko, maji yamekupwa, tope linatushika magoti. Alichagua mti mwenyewe. Mguu ule mbovu ulizama mara mbili nikamvuta, na mara zote mbili alinifokea nisimshike. Alikata polepole sana. Nilitaka kumsaidia akaninyima shoka. Tukaibeba boriti mpaka kijijini, yeye upande wa shina, mimi upande wa ncha, na hatukutua hata mara moja. Watu walitoka kwenye milango kututazama.

Aliiweka ukutani akasema: "Nguzo ya kwanza baba anaishika na mwanawe. Mimi nimeishika, na wewe umeishika. Ichimbie. Okedi asiiguse mpaka udongo ukauke."

Boriti ya mkoko mchwa hawaiwezi. Nimempa Mutua, safari hii ameapa kwa mama yake mzazi kwamba atasimama Malaba hata kama hakuna kiumbe barabarani. Mimi nitakaa na baba Idi ipite na mvua fupi zianze, maana mifereji haijafagiwa na ngazi hawezi tena. Mwisho wa mwezi napanda treni.

Bado anauliza, dada. Sasa haulizi kwa mdomo.

Japheth.


Malaba, 19 Oktoba 1975

Ndugu yangu Japheth,

Tumeamka wote. Mtoto Wandera ananyonya, Anyango anasema uje na kitambaa cha pwani, ndiyo mara ya kwanza anakuagiza kitu, kwa hiyo usisahau.

Boriti imefika Ijumaa. Mutua alisimama. Aliweka lori katikati ya barabara kabisa, nyuma wanapiga honi, wanamtukana kwa Kiganda na Kiswahili na lugha nyingine, yeye na turnboi wake wanafungua kamba taratibu. Wakailaza mbele ya hoteli. Kutwa nzima madereva wananiuliza, mama, hii ni ya nini, unajenga? Mimi nasema ni mgeni.

Nilimtuma Echodu amlete mama kutoka Nangina, na jana akafika. Alishuka, hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja pale ilipolala. Akainama, akainusa. Akapiga magoti akaweka jicho kwenye ncha, kama fundi anavyopima, akatazama urefu wake wote mpaka shinani. Hukuniandikia, wewe, kwamba imepinda. Imepinda katikati, inakwenda upande kisha inarudi.

Mama akasema, "Ni yeye. Hajawahi kukata mti ulionyooka."

Akaanza kucheka. Alisema yote kwa kicheko, nyumba ile, upande wa kisima, jinsi alivyomwambia siku ile ya kujenga, Wandera, nguzo zako zimelewa, naye akamjibu zitasimama tu. Madereva nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Kisha kicheko kikageuka. Japheth, sijawahi kumsikia mama hivyo. Alilala juu ya ile boriti kwa kifua chake, akalia kwa sauti, akamwita kwa jina, mpaka foleni yote ikazima injini. Mutua alivua kofia. Nilitaka kumwinua mama, Echodu akanishika mkono.

Sasa nikujibu lile ambalo sikutaka kukujibu. Siku ya mgomba mama hakulia. Hata chozi moja. Alikaa amekunja mikono akiutazama kama mtu anayengoja basi, na wanawake walinong'ona. Ndiyo maana sikuandika. Ningewezaje kumwambia baba hilo?

Leo asubuhi amekunywa uji, ameagiza boriti ipelekwe nyumbani, na amesema Okedi akikaribia atampiga nayo.

Barua hii naipa posta kwa ajili yako, ikufikie itakapokufikia. Lakini baba asingoje. Nimefunga hoteli saa nzima, madereva wakapiga sufuria kwa vijiko, nikaenda mwenyewe kutuma simu ya maandishi Shimoni. Karani alihesabu maneno, akaniuliza kama ni hayo tu, kwa sababu bei ile ile naweza kuandika kumi. Nikamwambia ni hayo mawili.

Mama alilia.